Mama Mkwe Hapiti Bila Kukaguliwa

Bastola ilikuwa bado ipo.

Jicho alifumba macho, akafumbua. Ipo. Akasogeza kiti, akafuta skrini kwa mkono wa sare. Ipo vilevile, imejilaza ndani ya begi katikati ya gauni la kulalia, redio ndogo na mswaki, imetulia kama iko kwao.

Na upande wa pili wa mkanda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, alisimama mwenye begi. Mama mkwe.

Kuna msomaji kanisumbua wiki nzima: atabonyeza au hatabonyeza? Bwana mkubwa, punguza presha, leo utajua.

Na wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, pengine ulitaka la kufungia sabuni, sogea nikupe kwa ufupi. Jicho ndilo jina alilopewa dada huyu na wenzake pale uwanja wa ndege, maana kazi yake ni kukaa mbele ya mashine ya eksirei na kutazama matumbo ya mabegi ya watu. Makao makuu yana mchezo wao. Huwatuma abiria bandia, watu wanaojifanya wasafiri huku wamebeba silaha za kuchezea, kuona kama watakamatwa. Kwenye mashine ya Jicho wameshapita wawili, wanapunga mkono. Akipita wa tatu, Jicho ananyang'anywa kiti na kupelekwa geti la magari, akazunguke juani na kile kioo cha mpini mrefu kutazama chini ya magari.

Na kiti chake kinamsubiri nani? Shemeji wa msimamizi wa zamu. Hilo nalo msilisahau.

"Jicho, mbona mkanda umesimama?" aliuliza Dada Pekua, yule wa kupapasa abiria wa kike penye lango linalolia. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu, na unatokwa jasho hivyo?"

Kidole cha Jicho kilikuwa juu ya kitufe chekundu cha king'ora. Ingekuwa mtihani, angebonyeza huku anaimba. Lakini huu haukuwa mtihani, na alijua kwa nini.

Mabegi ya mtihani hufungwa na karani wa stoo, na karani wa stoo hajawahi kusafiri. Anaweka taulo, magazeti ya zamani na silaha, basi, kamaliza. Hakumbuki mswaki. Hakumbuki chaja ya simu. Baada ya kufeli mara mbili, timu nzima ya Jicho ilikuwa imeishika siri hiyo: begi likipita bila mswaki wala chaja, ruka nalo!

Begi hili lilikuwa na mswaki. Lilikuwa na chaja, miwani, dawa ya kuchua magoti na soksi zilizozibwa matundu. Jicho mwenyewe alimwona mama mkwe akilifunga jana sebuleni, akisema anakwenda kumwona dada yake mgonjwa. Begi la mtu kabisa. Basi na bastola ni ya mtu!

"Mkwe wangu!" Mama mkwe aliita kwa ile sauti iliyokuwa inanyamazisha shule nzima enzi zake za ualimu mkuu. "Begi langu limelala huko?"

"Shikamoo, mama."

"Tumeshaamkiana nyumbani. Mimi nina ndege ya kuwahi. Au hata mimi unanishuku?"

Foleni ikaangua kicheko. "Mwachie mama wa watu apite!" alidakia mzee mmoja aliyeshikilia mkanda wa suruali mkononi. "Huyo naye ana sura ya gaidi?"

Jicho akaitazama tena skrini. Huyu ndiye mama aliyemwambia siku ya kwanza tu alipokuja kuwatembelea, "Kumbe unalipwa kwa kutazama televisheni!" Tangu siku hiyo hajawahi kusifia chai yake, usafi wake wala kazi yake. Sasa amkamate mbele ya umati? Mume atamweleza nini? Atalala wapi?

Kisha akamkumbuka yule dada mwenye mtoto mchanga aliyepita muda si mrefu, mtoto anacheka na kila mtu. Wako ndani, wanasubiri ndege hiyohiyo.

"Nisamehe, mama," alinong'ona.

Akabonyeza.

Loo! King'ora kikalia, taa nyekundu zikawaka, watu chini. Yule mzee wa mkanda aliuachia, suruali ikamfuata magotini, akajificha nyuma ya nguzo nyembamba kuliko tumbo lake. Katika ukumbi mzima aliyebaki wima ni mama mkwe peke yake. Alivaa kiatu chake cha pili, akafunga kamba, akajinyoosha.

Msimamizi wa zamu akaja mbio. Wanamwita Bwana Pasi, kwa vile suruali yake hunyooshwa mpaka mikunjo ikaweza kumenya viazi.

"Nani?"

"Yule pale, bosi."

"Yule bibi?"

"Ni mama mkwe wangu."

Macho ya Bwana Pasi yaling'aa. Aliiona ile ndoa inavunjika, akamwona Jicho getini na kioo chake, akamwona na shemeji yake akijizungusha kwenye kiti kile. Akainamia skrini akitabasamu. Akaikuza picha. Tabasamu likaanza kumkauka mdomoni.

"Ngoja," alisema. "Kitako kimemeguka."

"Kitako cha nani?"

"Cha bastola! Naijua hii. Niliiangusha mwenyewe kwenye semina, ikamegeka hapa. Jicho, hii bastola ni ya ofisi!"

Mama mkwe akaingiza mkono kifuani, akatoa kitambulisho chenye mhuri wa makao makuu, akakiweka juu ya trei ya plastiki.

"Mama," Jicho alisema. "Kumbe wewe ni abiria bandia?"

"Bandia ni bastola. Mimi ni halisi."

"Na dada yako mgonjwa?"

"Dada yangu ana afya kuliko wewe." Mama mkwe alikunja mikono. "Kustaafu kunachosha, mkwe wangu. Hawa wenzako wa makao makuu walitaka mtu ambaye hakuna atakayemdhania. Nikawaambia, ila nina mkwe kwenye mashine ile. Wakasema safi kabisa, tuone kama atakuonea haya. Maana wengi hupitisha kwa haya. Huyu bosi wangu, huyu jirani, huyu alinifundisha. Wewe hukunionea haya."

"Nilikuonea haya sana, mama. Ila nilibonyeza."

Mama mkwe alimsogelea. Halafu, shikeni viti vyenu, akampiga begani kidogo. "Umefanya vizuri," alisema.

Jicho alitamani maneno hayo yarekodiwe. Machozi yalimlengalenga pale pale, akiwa ndani ya sare.

"Lakini mama, ule mswaki?"

"Si ulitusimulia mwenyewe mezani? Begi lisilo na mswaki ni la ofisi. Ulicheka mpaka ukapaliwa. Mimi nikanyamaza, nikasema sawa, nitaweka mswaki. Mmegeuka wakaguzi wa miswaki nyinyi!"

Hata Jicho aliyesemwa alicheka. Dada Pekua alipiga vigelegele, akamkumbatia abiria asiyemjua. Bwana Pasi peke yake ndiye aliyekuwa na uso wa mtu aliyelamba ndimu. "Hongera, hongera," alisema bila kumwangalia mtu. "Acha mimi nikaandike ripoti." Akaondoka.

Na mimi ningeishia hapo, kama mama mkwe asingefungua mdomo tena.

"Msishangilie sana. Mtihani una sehemu ya pili."

Vigelegele vikakatika katikati.

"Sehemu ya pili ni bomu," alisema. "La kuchezea, msinikimbie. Udongo wa kufinyanga wa watoto, betri, waya mwekundu na saa ya mezani. Ukiliona lakini, utaruka dirishani. Hilo limeshapita. Lilipita asubuhi."

"Kwenye mashine yangu?" Jicho alipandisha sauti, heshima kando. "Haiwezekani! Sijainua macho kwenye skrini tangu nimekaa!"

"Wala halikugusa mashine yako. Ulilipitisha wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kwa mlango wa wafanyakazi."

Jicho akaduwaa. Halafu taratibu ikamjia picha ya asubuhi.

Hotipoti!

Wiki hii mama mkwe alinunua hotipoti mbili ndogo, za aina moja, mfuniko wa buluu kila moja. Moja ya mwanawe, moja ya mkwe. Na leo, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Jicho alikuta chakula chake cha mchana kimeshafungwa mezani. "Chukua, usishinde na njaa," mama mkwe alimwambia. Jicho alitembea njia nzima anatabasamu peke yake. Leo mama kanipenda, alijisemea.

"Kumbe lilikuwa bomu," alisema sasa.

"Mlinzi wa mlango wa wafanyakazi alikukagua?"

"Hapana."

"Alifanya nini?"

"Aliniuliza habari za nyumbani."

"Ukamjibu?"

"Nzuri."

"Basi bomu likapita kwa 'nzuri'." Mama mkwe alitikisa kichwa. "Kanuni imebandikwa pale ukutani, mfanyakazi naye apitishe begi lake kwenye mashine. Nyinyi abiria mnamvua mpaka soksi. Wenyewe kwa wenyewe mnasalimiana."

Dada Pekua akainamisha kichwa. Ni kweli, na kila mmoja pale alijua ni kweli. Nani angempekua mwenzake wa kazini? Angeonekana ana roho mbaya.

"Kwa hiyo nimefeli, mama?"

"Una nusu. Na shuleni kwangu nusu haijawahi kuwa kufaulu." Akashusha sauti. "Ila mtihani haujafungwa. Kalete hotipoti ile hapa, kabla mtu hajaifungua na kuzua kizaazaa uwanja mzima. Ukinikabidhi mkononi, nitahesabu umelikamata. Kiti ni chako."

Jicho hakusubiri aambiwe mara mbili. Alimwachia mwenzake mashine, akachomoka. Dada Pekua nyuma yake, mama mkwe nyuma yao, magoti yake ya dawa ya kuchua yamesahaulika.

Chumba cha wafanyakazi kina friji moja kuukuu, na humo ndimo Jicho alimoiweka hotipoti asubuhi. Mlangoni pa friji kuna tangazo lenye mhuri na saini ya Bwana Pasi: MWIZI WA CHAKULA ATAFUKUZWA KAZI MARA MOJA. Maana kwa miezi sasa kulikuwa na mdokozi. Unaacha chakula, unarudi unakuta nafasi yake.

Jicho alivuta mlango wa friji.

Nafasi yake.

"Mdokozi kapita nayo!" Dada Pekua alijishika kichwa. "Yesu na Maria, atakapoifungua!"

"Atapiga kelele," alisema mama mkwe, na sasa hata yeye alikuwa anahema. "Watu watakanyagana. Tafuteni!"

Walitafuta chini ya meza, walitafuta kwenye makabati, walitafuta mpaka kwenye ndoo ya kudekia. Mara Jicho akasimama, akainua pua. Mnajua wanamwita Jicho, lakini pua nayo haijambo.

"Nasikia harufu ya kuku," alisema.

Harufu ilitoka koridoni, ikapinda kona, ikaingia chini ya mlango uliofungwa kwa ndani. Mlangoni palikuwa na kibao: MSIMAMIZI WA ZAMU.

"Bosi!" Jicho aligonga. "Bosi, ukiwa na hotipoti humo, usiifungue!"

"Naandika ripoti!" sauti ilijibu. Ilikuwa sauti iliyojaa kitu.

"Bosi, tafadhali, kuna bomu!"

Kitu kilianguka ndani, kiti kikapinduka. Mlango ukafunguliwa, na Bwana Pasi akatokea mikono ikiwa nyuma, masharubu yanang'aa mafuta, tone la mchuzi limemwagika juu ya ule mkunjo wa suruali.

"Bomu gani? Sijala kitu!"

Nani alikuuliza kama umekula, ndugu yangu?

Dada Pekua alimpita, akavuta droo ya meza. Nusura azirai. Ndani mlikuwa na mifuniko, vijiko na mabakuli ya kila mtu aliyewahi kulia njaa katika uwanja ule. "Bakuli langu la harusi!" alipiga ukunga, akalikumbatia. "Wewe! Na tangazo ukabandika mwenyewe!"

"Toa," alisema mama mkwe.

Bwana Pasi akatoa mikono. Mwanamume mzima, na mhuri wake, akaikabidhi hotipoti ya mfuniko wa buluu kama mtoto aliyekamatwa na chungwa darasani. Jicho alimwona akinywea, akajua shemeji mtu hatakalia kile kiti leo wala kesho. Alitaka kucheka, akajikaza.

Mama mkwe akafungua mfuniko.

Wali. Mifupa miwili. Paja moja lililotafunwa nusu.

Jicho alichungulia, akachungulia tena. "Bomu liko wapi, bosi?"

"Haki ya Mungu sijaona bomu! Nimekula kuku tu! Kama kuna bomu nitalilipa!"

Lakini mama mkwe hakumsikia. Alikuwa ameketi taratibu kwenye kiti cha msimamizi, hotipoti mapajani, uso umempauka. Mwanamke aliyesimama wima king'ora kikilia, sasa mkono wake ulikuwa unatafuta meza ya kuishika.

"Mkwe wangu," alisema kidogo kidogo. "Kuku huyu nilimfungia mwanangu."

"Mama?"

"Mfuniko wa buluu, na mfuniko wa buluu. Nilizipanga mezani, nikaenda kutafuta miwani. Niliporudi..." Miaka yote ya kusahihisha makosa ya watu, na leo kosa lilikuwa lake. "Mume wako leo anafanya kazi wapi?"

Mume wa Jicho ni fundi viyoyozi. Asubuhi alivaa ovaroli mpya, akajipulizia manukato, akajisifu sana kwenye kioo. Jicho alijaribu kukumbuka alikuwa anajisifu nini. Alipokumbuka, alitamani asingekumbuka.

"Kaitwa kutengeneza kiyoyozi," alisema, "cha ofisi ya mkuu wa polisi."

Bwana Pasi alijikuta anaketi sakafuni.

"Si kitu," mama mkwe alisema haraka, akijaribu kuirudisha sauti yake ya ualimu. "Si kitu. Polisi wale. Getini kwao kuna mashine, kuna mbwa, kuna walinzi. Watalikamata palepale getini, nitapiga simu, nitaeleza, tutacheka. Lazima watalikamata. Ukaguzi ni ukaguzi!"

Alimtazama Jicho machoni, akisubiri aitikie. Jicho akachomoa simu ampigie mumewe. Miaka yote aliyokaa kwenye kile kiti ilikuwa imemfundisha kitu kimoja juu ya mageti na watu wanaofahamiana.

Simu yake ikaita.

Alikuwa mume wake. Jicho alifungulia sauti, wote wakainama juu ya simu, hata mwizi wa kuku.

"Mke wangu!" Sauti ya fundi ilikuwa ya furaha tele. "Mwambie mama ahsante kwa chakula!"

"Uko wapi? Umefika getini?"

"Geti? Nimepita zamani! Wale vijana nawajua, si niliwatengenezea feni yao? Wameniuliza habari za nyumbani, nikawaambia nzuri, wakanifungulia."

Mama mkwe akafumba macho.

"Sikiliza," Jicho alisema, anajitahidi asipige kelele. "Hotipoti iko wapi? Usiiguse!"

"Mimi siigusi, mikono ina grisi. Niko juu ya ngazi hapa ofisini kwa mkuu mwenyewe. Bwana huyu mkarimu, hujapata kuona! Kasema saa ya kula imefika, nikamwambia mama yangu kapika, karibu tule wote. Ndiyo hapo anainua mfuniko." Akapunguza sauti. "Ila mke wangu, huyu kuku mbona anatoa mlio? Tik, tik, tik?"

Na ndani ya simu, Jicho akausikia mfuniko wa buluu ukifunguka.